LIJUE GARI: MANENO YA GEREJI KWA DEREVA NA ABIRIA

 Kila mwaka jarida hili la chama chetu hutuletea ngeli, methali, vitendawili na insha za kusisimua, nasi huzisoma kwa furaha. Mwaka huu nilimwomba mhariri aniachie kurasa chache niandike juu ya gari. Mhariri alinitazama juu mpaka chini. Akasema, "Wewe ni wa kidato cha tatu, una miaka kumi na sita, na leseni hupewi hadi ufike kumi na minane. Utamfunza nani?" Swali lake lilikuwa zuri. Jibu langu ni refu kidogo.

Mjomba wangu alinunua gari lake la kwanza miaka miwili iliyopita. Lilikuwa gari dogo la mizigo, mtumba kutoka Japani, na kitabu chake cha maelezo kilikuwa kimeandikwa kwa Kijapani kuanzia jalada hadi jalada. Mjomba alikitia ndani ya kile kisanduku cha dashibodi mbele ya abiria na hakikutoka tena. Kila Jumamosi alikwenda Molo kununua kabichi na viazi, akaviuza Nakuru. Likizo ya Agosti nilikuwa nikifuatana naye ili kumsaidia kuhesabu magunia, na mimi ndiye niliyekaa kiti cha mbele siku ya mkasa.

Tulikuwa tukiteremka Sachangwan tukiwa na shehena ya kabichi. Nikaona kitaa chekundu kimewaka nyuma ya usukani, kikazimika, kikawaka tena tulipokata kona. Umbo lake lilikuwa kama birika lenye mdomo mrefu, tone moja likidondoka.

"Mjomba, hilo birika ni la nini?"

"Hiyo ni taa tu, mpwa wangu. Gari za Japani ziko na taa mingi."

Tulipopita Salgaa birika likawaka moja kwa moja. Niliona, lakini sikusema tena, maana nilikuwa nimeshauliza mara moja na kujibiwa. Kilomita chache mbele injini ilianza kugonga kama mtu anayepiga sufuria kwa nyundo, kisha gari likazima na halikuwaka tena. Fundi alipoletwa kwa bodaboda alifungua boneti, akavuta kijiti cha kupimia oili, na kijiti kikatoka kikavu kama njiti ya kiberiti. Alisema neno moja tu: "Imenoki."

Kabichi ziliuzwa pale pale kando ya barabara kwa bei ya kutupa. Injini nyingine, ya mtumba pia, ilikula akiba yote ya mjomba pamoja na karo ya binamu yangu ya muhula wa tatu. Binamu alikaa nyumbani wiki tano akisoma kwa madaftari ya wenzake. Yote hayo kwa sababu ya oili ambayo mjomba angeinunua kwa pesa za kabichi chache, na kwa sababu ndani ya gari lile mlikuwa na watu wawili wenye macho mazima ambao hawakujua maana ya birika. Ndiyo maana ninaandika, mhariri.

Gari lilipokuwa gereji nilikwenda kila Jumamosi na daftari. Siku ya kwanza fundi alicheka mpaka akaweka spana chini. "Msichana mzima anataka kujua gasketi!" Siku ya tatu alianza kuniuliza yeye kama nimeandika. Haya ninayoyaeleza mengi ni yake, nami nimeyalinganisha na kitabu cha fizikia.

Kwanza nizungumze kidogo juu ya maneno yenyewe, kwa kuwa hili ni jarida la Kiswahili. Wapo wenzetu wanaoona haya kutamka "breki", "gia" na "klachi" katika insha, wakidhani Kiswahili safi ni kile kisichokuwa na neno la kigeni. Basi na waanze kwa kututupia "meza", iliyotoka kwa Wareno, na "kitabu", kilichotoka kwa Waarabu. Hata "gari" lenyewe lilitoka Bara Hindi. Neno ninalolipenda kuliko yote ni "usukani". Kabla hakujawa na gari lolote pwani yetu, usukani ulikuwa wa chombo cha baharini, ule wa nyuma unaokielekeza majini. Gari lilipokuja, watu hawakuhangaika kutafuta neno jipya. Waliutoa usukani baharini wakaupandisha barabarani. Kwa hiyo nitatumia maneno ya mafundi jinsi yalivyo, kwa sababu ndiyo utakayoyasikia siku gari likikuharibikia.

Turudi kwa birika. Injini ni nyumba ya moto. Ndani yake mna silinda, yaani mitungi ya chuma, na magari mengi madogo yana tatu au nne. Ndani ya kila silinda kuna pistoni inayopanda na kushuka. Kazi yake ina hatua nne. Pistoni hushuka ikivuta hewa na petroli, halafu hupanda ikivibana. Hapo plagi hutoa cheche, mchanganyiko ule huwaka na kuisukuma pistoni chini kwa nguvu. Mwishowe pistoni hupanda tena ikiutoa moshi kuelekea ekzosi. Hatua ya tatu peke yake ndiyo yenye faida, hizo nyingine ni gharama. Sasa fanya hesabu. Mshale wa mizunguko ukionyesha 3,000 kwa dakika, kila pistoni inapanda na kushuka mara 50 kwa sekunde moja. Chuma kinachosugua chuma mara 50 kwa sekunde kingeyeyuka upesi, isipokuwa kuna utando mwembamba wa oili katikati. Oili hulainisha, hupunguza joto na kubeba uchafu. Kuna pampu inayoisukuma kila pembe ya injini, na lile birika jekundu huwaka msukumo huo ukipungua. Linawaka kwenye kona na miteremko kwanza, kwa maana oili kidogo iliyobaki inakimbilia upande mmoja na pampu inavuta hewa. Hiyo ndiyo iliyokuwa ikitukuta Sachangwan.

Likiwaka ukiwa safarini, usiseme utafika mji unaofuata. Sogea kando, zima injini mara moja, kisha pima. Kupima ni rahisi hata kwa mtoto wa shule ya msingi. Gari liwe mahali tambarare, injini izimwe na ingoje dakika chache ili oili ishuke chini. Vuta kijiti, kipanguse kwa kitambaa, kirudishe mpaka mwisho, ukivute tena. Kina alama mbili, na oili yafaa iwe katikati yake au karibu na ile ya juu. Kwa magari mengi madogo nafasi kati ya alama hizo ni kama lita moja. Usizidishe, maana oili iliyopita kiasi nayo huleta madhara. Rangi nyeusi isikutishe sana, kwa kuwa oili iliyobeba uchafu ndiyo inayofanya kazi. Rangi ya kutisha ni ile ya chai ya maziwa. Ukiiona, jua maji yameingia kwenye oili, na mara nyingi aliyeyaruhusu ni gasketi ya hedi, ile karatasi ngumu inayoziba kati ya sehemu ya juu ya injini na ya chini.

Taa za dashibodi zina sheria moja rahisi ambayo laiti tungeijua siku ile. Nyekundu ni kama ya barabarani: simama. Ya manjano yasema, waweza kufika lakini mwone fundi. Kijani na buluu zinakuarifu tu kwamba umewasha kitu fulani, kama indiketa au taa kali. Picha ya sanduku lenye alama za kujumlisha na kutoa ni betri, na ikiwaka injini ikiwa inanguruma, mara nyingi betri haina kosa lolote. Mwenye kosa ni alternata isiyoichaji, au mkanda unaoizungusha umekatika. Duara jekundu lenye alama ya mshangao ni la breki. Picha ya injini ya manjano ina sababu nyingi mno, mpaka fundi aunganishe kompyuta.

Sasa rejeta. Hapa fundi alikunja mkono wa shati akanionyesha kovu. Maji huchukua joto la injini, huingia rejeta iliyo mbele ya gari, upepo huyapooza, nayo hurudi injini. Tulifunzwa darasani kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100, lakini hiyo ni habari ya Mombasa. Nairobi, iliyo takriban mita 1,800 juu ya bahari, huchemka kwa nyuzi 94 hivi, na Nakuru haitofautiani sana. Injini hupenda kufanya kazi karibu na nyuzi 90, basi unaona hatari ilivyo karibu. Ndiyo sababu kifuniko cha rejeta kina springi inayobana mvuke. Maji yakibanwa hayachemki hata yakipita nyuzi 100. Lakini ukikifungua kifuniko hicho injini ikiwa moto, msukumo hutoka ghafula, maji huchemka papo hapo na kukurukia usoni pamoja na mvuke. Gari likichemka, zima, fungua boneti, kaa mbali nusu saa au zaidi. Halafu funika kifuniko kwa kitambaa kizito ukizungushe pole pole. Usimwage maji baridi juu ya injini moto, chuma kitapasuka.

Kuna jambo moja ambalo mimi na fundi hatukukubaliana. Kuna mlango mdogo unaoitwa themostati, ambao hauyaruhusu maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Mafundi wengi huutoa na kuutupa wakisema ni wa nchi za barafu. Mimi nasema injini isiyopata joto lake hutumia petroli zaidi na huchakaa mapema. Asubuhi za Molo nazo si za mchezo, kuna siku mjomba hukuta umande umeganda juu ya kioo. Fundi alisema nikimaliza shule nije nimwajiri.

Breki ndizo zilizojaza daftari langu. Ukikanyaga pedali, unasukuma mafuta ya breki ndani ya masta silinda. Mafuta hayo hupita kwenye mabomba membamba hadi magurudumuni, na huko husukuma pedi mbili zinazoibana diski inayozunguka na gurudumu, kama unavyobana sarafu kwa vidole. Nyuma, magari mengi madogo yana ngoma badala ya diski, na ndani yake vibao vilivyopinda hutanuka na kusugua. Siri ya yote hayo ni kwamba majimaji hayakubali kubanwa. Nguvu ya mguu wako hufika yote. Hewa hubanwa. Kwa hiyo hewa ikiingia kwenye mabomba, pedali huwa laini kama sifongo, na fundi atasema breki zina hewa, itolewe. Ikiwa pedali inashuka pole pole ukiendelea kuikanyaga, kuna mahali panapovuja. Ikiwa unasikia mlio mwembamba wa chuma kila ukifunga breki, pedi zimekwisha. Pedi nyingi zimewekewa ulimi mdogo wa bati makusudi ili zilie kabla hazijaisha kabisa. Wenye magari huongeza sauti ya redio.

Mafuta ya breki yana tabia ya chumvi, huvuta unyevu kutoka hewani. Baada ya miaka miwili hivi yana maji ya kutosha kuleta balaa, maana maji yale huchemka mapema breki zikipata moto. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke ni hewa, nao hubanwa. Dereva anakanyaga, pedali inakwenda mpaka sakafuni, gari haliulizi kitu. Breki hupata moto wapi? Kwenye mteremko mrefu, dereva akizikanyaga kuanzia juu hadi chini. Dawa yake ni kuteremka kwa gia nzito, ya pili au ya tatu, ili injini yenyewe ilizuie gari, nawe ugusegusе breki kidogo kidogo tu.

Lakini utawasikia madereva wakisema wanateremka "nyutro" ili kuokoa mafuta. Msomaji mwenzangu, hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Magari ya siku hizi yasiyotumia kabureta hukata petroli kabisa ukiondoa mguu kwenye mafuta huku gia ikiwa imeingia, kwa sababu magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka nyutro, injini lazima inywe petroli kidogo ili isizime. Yaani anayedhani anaokoa ndiye anayepoteza, na juu ya hasara hiyo amejinyima breki ya injini. Kwa lori la tani ishirini na zaidi ni mbaya mara dufu. Lori hutumia breki za hewa iliyoshindiliwa kwenye matangi, na dereva akizipigapiga breki mfululizo hewa hupungua haraka kuliko kompresa inavyoijaza. Sisi wa huku tunaijua barabara ya Sachangwan na Salgaa kwa malori yaliyoshindwa kusimama. Na tarehe 30 Juni 2023, kule Londiani, lori lililopoteza mwelekeo liliwaua watu zaidi ya 50 waliokuwa kituoni na kando ya barabara. Wengi wao hawakuwa ndani ya gari lolote.

Juu ya mwendo nitasema kidogo tu, maana ni hesabu. Matatu inayokwenda kilomita 80 kwa saa, kasi ambayo kidhibiti mwendo hakiiruhusu kuipita, hukata mita 22 kila sekunde. Dereva akichukua sekunde moja kushtuka kabla mguu haujafika kwenye breki, mita 22 zimekwisha na gari halijaanza kupunguza. Na ukizidisha mwendo mara mbili, umbali wa kusimama kwa breki huzidi mara nne. Mwalimu wetu wa fizikia aliandika fomula hiyo ubaoni, nusu ya darasa ikasinzia.

Gari likiwa na ABS, dereva akikanyaga kwa nguvu zote pedali hutetemeka na kuvuma mguuni. Wengine hushtuka wakaiachilia. Usiiachilie. Kompyuta inazifunga na kuzifungua breki mara nyingi kwa sekunde ili magurudumu yasigande yakateleza, nawe uweze bado kukata kona.

Wavulana wa darasani kwetu wanaodai kwamba gari ni jambo la wanaume nawaletea habari ya Bertha Benz wa Ujerumani. Mumewe, Karl Benz, alipata hati ya kumiliki uvumbuzi wa gari lake mwaka wa 1886, lakini watu hawakuliamini. Agosti 1888 Bertha aliwachukua wanawe wawili, akaliendesha kutoka Mannheim hadi Pforzheim, zaidi ya kilomita 100, bila kumwambia mumewe. Petroli ya wakati ule aliinunua duka la dawa. Bomba la mafuta lilipoziba alilizibua kwa pini ya kofia. Breki zake za mbao zilipolika kwenye miteremko, alimwomba fundi viatu azipigilie ngozi, na hivyo pedi za breki zikaanza kupatikana duniani. Na waipa za kufuta kioo? Ni Mary Anderson wa Marekani aliyepewa hati yake mwaka wa 1903. Tuendelee.

Tairi lina maandishi ambayo watu huyapita kama tangazo. Lile la mjomba limeandikwa 165/80R13. Namba ya kwanza ni upana wake kwa milimita. Ya pili yasema kimo cha ubavu wake ni asilimia 80 ya upana huo. R ni jinsi nyuzi za ndani zilivyopangwa, na 13 ni kipimo cha rimu kwa inchi. Tafuta pia tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu mwishoni mwa herufi DOT. Ukiona 2319, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Ninawasihi mlio na wazazi wanaonunua matairi ya mtumba wawe wakitafuta tarakimu hizo kwanza, kwa maana mpira huzeeka hata ukiwa dukani na meno yake yote. Tairi kipara ni lile lililoisha meno. Meno si urembo, kazi yake ni kuyapisha maji ya mvua ili mpira uguse lami. Uingereza sheria yadai kina cha milimita 1.6 angalau. Upepo nao upimwe tairi likiwa baridi. Kiwango chake kimeandikwa kwenye kibandiko karibu na mlango wa dereva, mara nyingi kati ya 30 na 35, na hakuna haja ya kukisia kwa kulipiga tairi teke.

Mengine nitayapitia mbio mbio. Klachi hutenganisha injini na gia, na asiyeondoa mguu juu yake huimaliza upesi. Kwenye gari la otomatiki, P ni ya kuegesha, R ya kurudi nyuma, N ni gia huru na D ya kwenda. Shoki huzuia gari lisiendelee kurukaruka baada ya shimo. Sukuma kona ya gari chini uiachilie, likinesa zaidi ya mara moja au mbili shoki zimechoka. Betri ni ya volti 12, stata huitumia kuamsha injini, halafu alternata huirudishia. Spea, jeki na wili spana viangaliwe kabla ya safari, kwani mjomba aliwahi kupata pancha akiwa na spea nzuri na jeki ya mtu mwingine. Ile pembetatu nyekundu tunayoiita laifseva iwekwe mbali nyuma ya gari, siyo kuegemezwa kwenye bampa.

Mkanda sitauharakisha. Ule wa kupita begani na kiunoni ulibuniwa na Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo mwaka wa 1959, na kampuni hiyo ikawaruhusu wengine wautumie bure. Hapa Kenya tuliuzoea kwenye matatu tangu sheria za waziri John Michuki zilipoanza kutekelezwa mwaka wa 2004, pamoja na vidhibiti mwendo. Wengine husema gari lao lina mfuko wa hewa, basi mkanda wa nini. Mfuko ule hufumuka chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, kwa nguvu ya mlipuko. Umewekwa umpokee mtu aliyezuiwa na mkanda. Asiyefunga hukutana nao njiani, naye anakwenda mbele huku wenyewe unakuja nyuma. Na mtoto asipakatwe kiti cha mbele.

Gari la mjomba limerudi barabarani. Binamu naye alirudi shuleni akafanya mtihani wake. Kile kitabu cha Kijapani nimekitoa kisandukuni. Maneno siyasomi, lakini picha za taa zinasomeka kwa lugha zote, na pembeni ya kila picha nimeandika kwa penseli jina lake na la kufanya. Mjomba hupima oili kila Jumamosi kabla ya kupiga stata, kijiti mkononi na kitambaa begani kama muuza chai.

Jumamosi iliyopita tulikuwa tukitoka sokoni Molo na viazi. Hatujafika hata lami, duara jekundu la breki likawaka. Nilifungua kinywa, lakini mjomba alikuwa ameshasimamisha gari kando na kuzima injini. Alishuka, akafungua boneti, akachungulia chupa ya mafuta ya breki, ilikuwa imejaa. Akalala chini ya gari akitafuta panapovuja, shati jeupe na yote. Hapakuvuja. Alisimama akijipangusa vumbi, mimi nikiwa bado kitini namtazama, ndipo nilipogusa kitu kigumu kwa goti. Handbreki ilikuwa imeinuka kidogo. Hakuishusha mpaka chini.